Kilwa Kisiwani kutoka Dodoma: kwanza utazame mwezi

Ukiwa Dodoma unaweza kuijua hali ya bahari ya Kilwa bila kumpigia mtu simu. Toka nje usiku. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umeandama jana au juzi, pwani yote ina bamvua: maji yanajaa sana, kisha yanakupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, pwani ina maji mafu: yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Hilo ndilo la kwanza kupanga katika safari ya Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kabla ya tiketi na kabla ya chumba, na ndilo watu wa bara hulisahau. Huku kwetu tumezoea kupanda Kolo kuona michoro ya Kondoa siku yoyote gari likipatikana. Mwamba haukimbii. Kisiwa kina saa zake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kiasi cha dakika 50. Ukifika siku ya saba au ya nane ya mwezi, kule kujaa kwa alfajiri kumeshasogea hadi saa nne au saa tano asubuhi. Sasa fikiria wikiendi iliyoangukia bamvua. Maji yamekauka saa nne asubuhi, saa ileile ambayo wageni wengi, wakishamaliza chai na kibali, ndiyo wanateremka kwenda kupanda mashua. Siku kama hizo tofauti ya kujaa na kukupwa hupita mita tatu, mashua haifiki ufukweni, na wewe unashuka kwenye maji ya magoti na tope, mkoba kichwani.

Kwa hiyo chagua siku ya 7 hadi ya 9 ya mwezi mwandamo, au ya 22 hadi ya 24. Kalenda zenye tarehe za Kiislamu zinakuonyesha siku hizo bila hesabu. Wikiendi ndefu ikigongana na bamvua na huna namna ya kubadilisha, basi amka mapema: uwe ndani ya mashua saa moja kamili asubuhi, maji yakiwa bado njiani kushuka, na urudi alasiri yakiwa yamepanda tena. Inawezekana, ila siku inakuwa ndefu, na jua la mchana lote unalimaliza kisiwani.

Barabara na reli

SGR imeifupisha safari hii kuliko jambo lolote tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003. Kabla ya daraja hilo watu walisubiri kivuko cha Ndundu, na mvua ikinyesha walisubiri zaidi. Treni ya Dodoma ilianza kubeba abiria Julai 2024, na nauli ya kawaida hadi Dar es Salaam ilianzia shilingi 31,000. Panda ile ya mapema kabisa. Stesheni ni ile mpya ya Samia, si ile ya zamani ya reli ya kati iliyoko mjini, na kila msimu wapo wanaoikosa treni kwa kumwelekeza bodaboda kwenye stesheni isiyo yake. Beba kitambulisho chenye jina lilelile lililo kwenye tiketi.

Dar es Salaam usizunguke mjini. Mabasi ya kusini hupatikana Mbagala Rangi Tatu, na kutoka stesheni hadi huko unafuata Barabara ya Kilwa yenyewe. Basi la Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, likiwepo, panda hilo. Likiwa limeondoka, panda lolote la Lindi au Mtwara, umwambie kondakta akushushe Nangurukuru, kisha ukamate gari dogo la Masoko, zaidi ya kilomita 30 kutoka njia panda. Kwa jumla hesabu saa tano hadi sita kutoka Mbagala. Ukiwa umefika Mbagala saa saba mchana, hutafika Masoko kabla ya giza, na hakuna sababu ya kuhangaika: siku ya kwanza ni ya kusafiri tu. Wanaojaribu kuvuka siku hiyohiyo huishia kulipa mashua ya haraka ili wakae kisiwani dakika arobaini.

Mwenye gari lake ahesabu kilomita zaidi ya 750 kwa upande mmoja, na trafiki wenye tochi kwenye kila kijiji chenye kibao cha 50. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, na kutoka Dodoma hadi Kilwa nafasi za kukosea ni nyingi. Jambo kubwa zaidi ni mvua. Mwaka 2024, katika msimu wa masika na kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na kusini yote ikakwama. Machi hadi Mei msiende. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri, na Novemba pia kama vuli haijaanza kwa nguvu.

Mizigo: mwili wa Dodoma umezoea joto kavu la mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, jasho linakauka kabla hujalihisi. Kilwa jasho linakaa. Maji ya lita moja yanayotosha kuzunguka mlima hapa kwetu, kule yanaisha kabla ya saa tano. Beba lita tatu kwa kila mtu kutoka Masoko, usitegemee duka la kisiwani. Viatu viwe viwili: raba za kutembelea magofuni, na yeboyebo za kushukia majini. Kandambili hazifai, tope la mikoko linazing'oa na kubaki nazo. Chandarua cha nyumba ya wageni kikague kabla ya kulipa, maana malaria ya pwani si ya kubahatisha.

Kibali na mashua

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kibali hukatwa Masoko, malipo ni kwa kontroo namba, na Mtanzania mwenye kitambulisho hulipa kiwango cha wenyeji, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na cha wageni wa nje. Kosa la kawaida ni kuliacha jambo hili hadi asubuhi ya kuvuka. Mtandao wa malipo ukisumbua nusu saa, na maji yakiwa yameshaanza kushuka, nusu saa hiyo inageuka kuwa saa nzima. Likamilishe jioni unapofika, au mwombe mwongozaji akushughulikie ukiwa bado njiani. Kikundi kitaje idadi kamili na majina. Kumwongeza mtu asubuhi ni kuanza upya.

Mashua ziko za aina mbili. Kuna zile za wanakijiji, zinazosubiri zijae ndipo ziondoke, bei yake ni ya kawaida ya watu wa hapo. Kuna za kukodi, ambazo ni zako kwa siku. Kwa watu wanne kwenda juu kukodi kuna maana, kwa sababu ndipo nahodha anapokubali kukuhamisha upande wa Husuni, jumba lililo mashariki ya kisiwa, badala ya kukusubirisha sehemu moja. Mapatano yafanyike mkiwa bado nchi kavu, na yataje vitu vitatu: mtakaa hadi saa ngapi, mtashushwa wapi, na bei ni ya mashua nzima au ya kila kichwa. Halafu chungulia ndani. Jaketi za kuokolea zihesabu mwenyewe, usiulize. Angalia kama maji yaliyoko ndani ni ya mawimbi ya jana au yanaingia sasa hivi: ukimkuta kijana anakumba maji mashua ikiwa imetulia gatini, tafuta nyingine.

Mkondo wenyewe ni kama kilomita mbili. Kisiwa kiko kusini mwa Masoko, na hilo ndilo linaloamua raha ya tanga. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo unakupiga usoni ukienda, kwa hiyo nahodha anabisha, anakata kushoto na kulia, na safari ya dakika ishirini inakuwa arobaini. Kurudi, upepo uko mgongoni na mnafika hamjamaliza mazungumzo. Msimu wa kaskazi ni kinyume chake: mnakwenda kwa raha, mnarudi kwa kazi, tena mkiwa mmechoka. Juni na Julai kusi hupata nguvu mchana, ndiyo maana manahodha wazoefu husisitiza asubuhi. Usibishane nao. Boti ya mashine haijali upepo, ila kelele zake zinakunyima nusu ya starehe, na pale kwenye kina kifupi panga la mashine ndilo la kwanza kugusa mchanga.

Upepo huohuo ndio uliojenga kila jiwe utakaloliona. Chombo kilichotoka Arabuni au India kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua, kikarudi na kusi ya mwaka uleule. Kwenda mbele zaidi hadi Sofala, kwenye dhahabu iliyotoka Zimbabwe, kulimaanisha kupitwa na pepo na kulala mwaka mzima ugenini. Watu wa Kilwa wakajiweka hapo katikati: wao wakaleta dhahabu ya Sofala, wageni wakaishia kwao, na kila mzigo ukalipiwa ushuru. Kilwa ilitajirika kwa sababu ndipo mwaka wa baharia ulipoishia.

Kuusoma mji

Mashua hushusha karibu na Gereza, ile ngome inayoonekana tangu ng'ambo. Wareno walijenga yao hapo mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuteka na kuupora mji mwezi Julai, wakaiacha mwaka 1512. Kuta nyingi unazoziona leo ni za enzi ya Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19. Bahari inakula kona zake, na nguvu kubwa ya ukarabati imekwenda huko na kwenye kupanda mikoko. Usikae sana hapa. Watu hupiga picha thelathini Gereza kwa kuwa ndilo la kwanza, kisha wanapita mbio mbele ya msikiti ambao hauna wa kufanana nao.

Kabla ya kuingia msikitini, simama kwenye nyumba yoyote iliyobaki kuta mbili zinazotazamana, upime upana wa chumba kwa hatua. Utapata hatua tatu, kati ya mita mbili na nusu na mita tatu. Nenda chumba cha pili, ni vilevile. Chumba kinaweza kuwa kirefu kama ukumbi, lakini upana hauongezeki. Aliyekulia kwenye tembe la Kigogo anaijua sababu kabla hajaambiwa: paa ni bapa, limelala juu ya miti, na mti una mwisho wake. Kule waliezeka kwa boriti za mikoko, na boriti ikipita urefu huo inapinda kwa uzito wa dari. Mgogo akitaka nyumba pana husimamisha nguzo katikati. Mswahili wa Kilwa naye alifanya hivyohivyo, au akaacha miti kabisa na kujenga kuba.

Tofauti iko juu ya hizo boriti. Tembe hubeba udongo, na kwa mvua ya Dodoma isiyofika milimita 600 kwa mwaka udongo unatosha, ukikarabatiwa. Pwani udongo ungeyeyuka msimu wa kwanza. Kwa hiyo walimimina matumbawe yaliyopondwa pamoja na chokaa, tabaka nene, yakashindiliwa hadi kuwa jiwe moja. Chokaa ilitokana na matumbawe hayohayo: magogo hupangwa duara, matumbawe juu yake, huchomwa usiku kucha hadi yawe unga, kisha rundo huachwa linyeshewe na kupoa kwa miezi kabla ya kutumika. Chokaa isiyopoa vizuri huendelea kufura ikiwa ukutani na kuuchubua. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe makavu ya nchi kavu, magumu na yasiyonyooka. Miimo ya milango, vidaka na mihrabu ni ya matumbawe mabichi yaliyotolewa baharini: yakiwa na maji hukatika kwa shoka dogo kama boga, yakikauka huwa magumu na nakshi inabaki. Sogeza uso karibu na mwimo wowote uliochongwa utaona matundu madogo ya nyota, ni makazi ya wale wadudu wa bahari wenyewe, na mstari wa mchongaji umepita katikati yake bila kuyavunja.

Sasa unaelewa pia kwa nini dari zimeanguka na kuba nyingi bado zipo. Dari ilikufa siku boriti ilipooza, na maji yakipata ufa mmoja, boriti haimalizi miaka mingi. Kuba halina mti. Mizizi ndiyo adui wake. Mbegu ya mtini ikiangushwa kwenye ufa na ndege, baada ya miaka kumi ni mzizi unene wa mkono unaosukuma mawe mbali. Ukiwaona mafundi wakipaka, uliza wanatumia nini. Ukarabati sahihi ni kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inafungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe hupasuka pembeni ya kiraka huku kiraka kikiwa kizima. Magofu haya yaliingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014. Miaka hiyo kumi kazi kubwa ilikuwa ni hii ya chokaa, kung'oa mizizi na kuzuia bahari.

Msikiti Mkuu uingie kwa kuanzia upande wa kibla, yaani kaskazini, kwa sababu huko ndiko kwenye ukale. Sehemu hiyo ndogo ni ya karne ya 11 na 12, ilikuwa na paa bapa juu ya nguzo, hesabu ileile ya boriti. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ilipokuwa inaingia kwa wingi. Haikudumu. Iliporomoka, ikakaa gofu, na karne ya 15 ikajengwa upya kwa nguzo za pembe nane na paa la kuba na matao marefu, nguzo zikiligawa paa sehemu 30 kwa jumla. Simama katikati, utazame kwa mshazari badala ya mbele. Ukitazama mbele unaona safu moja. Kwa mshazari nguzo zote zinafunguka kwa pamoja, na hapo ndipo mtu anapata ukubwa wa jengo. Saa tatu asubuhi mwanga unaingia kwa pembeni na pembe nane za nguzo zinaonekana. Saa sita jua liko utosini na kila kitu kinakuwa bapa.

Hatua chache kusini-magharibi kuna msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, na kwa macho yetu ndio mzuri zaidi kisiwani. Paa lake lina sehemu tisa, tatu kwa tatu. Inua macho: kwenye vilele vya kuba palipachikwa mabakuli yenye mng'ao kutoka ng'ambo, mengine bado yapo, mengine yameacha duara tupu. Hapo ndipo pesa ya mji huu inaonekana kwa macho: bakuli lililovuka bahari nzima likapandishwa darini ambako hakuna mtu angeweza kulitumia kwa chakula.

Makutani, upande wa magharibi, ni jina lenye kujieleza, mahali penye kuta. Ni jumba la karne ya 18 ndani ya ngome ya pembetatu, na utajiri wake si ule wa dhahabu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, wengi wao wakienda kwenye mashamba ya miwa ya kisiwa kinachoitwa Mauritius leo. Watu hao walitoka bara, kwa miguu. Waongozaji wengine hupita hapa haraka kwa sababu wageni wamechoka na njaa imeingia. Waombe wasipite haraka.

Husuni

Husuni Kubwa iko peke yake mashariki, zaidi ya kilomita moja kutoka mjini, juu ya genge linalotazama bahari. Hapa ndipo mapatano na nahodha yanapolipa: maji yakiwa yamejaa mwombe awapitishe kwa bahari, yakiwa yamekupwa mtatembea. Njia ya miguu haina kivuli cha kutosha, kwa hiyo anza nayo asubuhi au iache hadi saa tisa.

Ni jumba la al-Hasan bin Sulaiman yuleyule, lenye vyumba zaidi ya 100, na dalili zote zinaonyesha halikumalizika. Kuna kidimbwi cha pembe nane ambacho kila mtu amekiona kwenye picha. Kuna ua ulioshuka chini wenye ngazi za kukalia pande zake. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba vidogo, na huko wengi hawafiki. Hayo ni maghala. Sultani alilala, akaoga, akapokea wageni na kutunza mzigo chini ya paa moja, juu ya genge, mahali ambapo chombo chochote kinachoingia kingeonekana kabla hakijatia nanga. Husuni ni ngome kwa Kiarabu, lakini jengo hili lilikuwa zaidi duka na nyumba kuliko ngome. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyu, akaandika kuwa watu walimwita baba wa zawadi kwa ukarimu wake. Usitoe macho kwenye kidimbwi pekee. Kizunguke, halafu urudi maghalani ukadirie ni mizigo mingapi ingejaa chumba kimoja.

Husuni Ndogo iko jirani, uzio mkubwa wa mstatili wenye minara pembeni, na wataalamu hawajakubaliana ulikuwa wa nini. Dakika kumi zinatosha.

Shaba ya Kilwa nayo ilisafiri mbali. Sarafu zao ndogo zimeokotwa hata kwenye visiwa vya Wessel huko Australia mwaka 1944. Nyingi zina mtindo ambao msomaji wa mashairi ataupenda: maneno ya upande mmoja yana kina na maneno ya upande wa pili. Mvua ikinyesha, sarafu na vigae huibuka kwenye vijia. Viache hapohapo, umwonyeshe mwongozaji. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuviondoa, na kigae kilichohamishwa hakimwambii mtafiti lolote tena.

Mwongozaji hatakosa kukusimulia jinsi kisiwa kilivyonunuliwa. Mgeni wa Kishirazi alimlipa mwenye kisiwa kwa kitambaa kirefu cha kuzunguka kisiwa kizima. Mwenyewe akavuka kwenda bara, akajuta, akakusanya watu arudi kwa vita. Katika masimulizi mengine mgeni alichimba mkondo usikauke tena, katika mengine alisoma dua hadi maji yakagoma kukupwa. Kwa vyovyote, yule wa bara alisimama ng'ambo akisubiri maji yapungue, na hayakupungua. Watu wa Dodoma si wa kwanza kukwama hapo.

Songo Mnara, kama una siku ya tatu

Kwa boti ya mashine hesabu zaidi ya saa moja kuelekea kusini. Magofu yake ni ya karne ya 14 na 15, nyumba kwa nyumba, na mpangilio wa vyumba unaonekana vizuri kuliko wa Kisiwani: ngazi ya kuingilia, ua, sebule ndefu, vyumba vya ndani. Ile hesabu ya hatua tatu irudie hapa, utaiona nyumba baada ya nyumba. Ila hapa maji hayana msamaha. Boti inapita kati ya mikoko, na maji yakishuka inakaa juu ya tope hadi yapande tena, yaani kwa muda wa saa sita. Chagua siku ambayo maji yanajaa saa tano asubuhi, ondoka Masoko saa mbili unusu, ufike yakiwa bado yanapanda, na uwe umerudi ndani ya boti kabla ya saa saba. Ni siku zilezile za mwezi nusu. Kwa kuwa ni maji mafu, hayatapanda sana, kwa hiyo kodi chombo kidogo chenye kina kifupi. Boti kubwa itakushusha mbali na utatembea kwenye tope la mikoko dakika ishirini kila upande.

Kisiwani ni kijiji cha watu wanaoishi, na wengi ni Waislamu. Kanga au suruali ndefu inatosha, shikamoo kwa wazee kabla ya kupiga picha uani mwao, na Ramadhani usile hadharani. Ukitaka kupeleka kitu kutoka nyumbani, peleka zabibu. Mavuno ya Dodoma ni Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na ya pili inaangukia miezi mizuri ya kusafiri. Zipange kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, vichana vikiangalia juu, gazeti katikati ya kila safu. Kwenye mfuko hazifiki hata Chalinze. Mpe nahodha kichana kimoja mnapopatana bei, kabla hajaitaja.